Msimu wa kwanza wa AFLW: mashabiki walikuwepo, waliochelewa ni viongozi

Usiku wa Ijumaa, Februari 3, 2017, mtendaji mkuu wa ligi ya mpira wa Australia, Gillon McLachlan, alitoka nje ya geti la uwanja wa Princes Park jijini Melbourne kuwaomba radhi watu waliofungiwa nje. Ndani kulishajaa: watu 24,568. Mechi yenyewe, Carlton dhidi ya Collingwood, ilikuwa ya kwanza kabisa katika ligi mpya ya wanawake, AFLW. Awali ilipangiwa kiwanja kidogo zaidi, Olympic Park Oval, ikahamishwa baada ya wakubwa kuona kwamba wanaoitaka mechi hawataenea pale. Princes Park ni uwanja wa zamani wa Carlton ambao ligi ya wanaume iliuacha mwaka 2005. Nao haukutosha.

Kisa hicho husimuliwa kama habari njema, na kweli ni habari njema. Lakini kisome tena taratibu. Chombo kilichoendesha mchezo huu kwa zaidi ya karne, chenye watu wa masoko na mikataba ya televisheni, hakikujua ni wangapi katika jiji lake chenyewe walikuwa wakisubiri kuona wanawake wakicheza. Msimu ule wote ulikuwa ukiitwa jaribio, wachezaji wakitazamwa kama watahiniwa. Mimi nauona kinyume chake: kwa wiki nane zile, waliokuwa kwenye chumba cha mtihani ni waliokaa ofisini.

Tuelewane kwanza kuhusu mchezo, maana wengi wetu tukisikia mpira tunafikiria soka. Huu unachezwa kwenye kiwanja cha duara la yai, kwa mpira wenye umbo hilohilo la yai. Kila upande wa goli una milingoti minne. Ukipiga mpira kwa mguu ukapita katikati ya ile miwili mirefu, ni goli, pointi 6. Ukipita pembeni, kati ya mlingoti mrefu na mfupi, unapewa pointi 1 ya kufutia machozi. Mpira haurushwi kwa mkono. Unapigwa kwa mguu au kwa ngumi. Mchezaji akiudaka pasi ndefu iliyotoka mguuni, mchezo unasimama kwa ajili yake na anapiga bila bughudha, ndiyo maana utaona watu wakiruka hadi magoti yakafika mabegani kwa wenzao. Hakuna kuotea. Matokeo huandikwa hivi: 4.11 (35), yaani magoli 4, pointi za pembeni 11, jumla 35. Ishike namba hiyo, tutaihitaji.

Wanaume hucheza 18 kwa 18, robo nne za dakika 20. Wanawake walipewa wachezaji 16, robo za dakika 15 na mpira mdogo kidogo.

Ligi ilizaliwa na timu nane: Adelaide, Brisbane, Carlton, Collingwood, Fremantle, Greater Western Sydney, Melbourne na Western Bulldogs. Klabu 13 kati ya 18 za wanaume ziliomba nafasi. Kumbuka kwamba wanawake hawakuanza kuucheza mpira huu mwaka huo. Mwaka 1915 wafanyakazi wa kike wa maduka kule Perth walikuwa wanaucheza, na jimbo la Victoria lilikuwa na ligi ya wanawake tangu mwaka 1981, watu wakijilipia jezi na usafiri. Mwaka 2013 Melbourne na Western Bulldogs walicheza mechi ya maonyesho kwenye uwanja mkubwa wa MCG, baada ya msukumo wa watu kama Susan Alberti, mfadhili wa Bulldogs aliyekataa kunyamaza. Mpango rasmi ulikuwa kuanzisha ligi mwaka 2020. McLachlan akaurudisha hadi 2017, na kwa hilo anastahili sifa zake. Angesubiri 2020, wachezaji kadhaa waliopamba msimu wa kwanza wangekuwa wameshatundika daluga.

Mmoja wao ni Erin Phillips, na hapa nataka tukae kidogo.

Baba yake, Greg Phillips, ni jina kubwa Port Adelaide. Ametwaa ubingwa wa jimbo la Australia Kusini mara nane akiwa na klabu hiyo. Binti alikulia kwenye mpira huo, akacheza na wavulana mpaka alipofika miaka 13 hivi, kisha akaambiwa basi. Wasichana wa umri wake hawakuwa na pa kwenda. Akahamia mpira wa kikapu, na hakwenda kupoteza muda: ubingwa wa dunia na timu ya taifa mwaka 2006, medali ya fedha ya Olimpiki Beijing 2008, ubingwa wa WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani, na Indiana Fever mwaka 2012 na tena na Phoenix Mercury mwaka 2014. Alipoitwa na Adelaide alikuwa na miaka 31 na kazi yake iko Marekani. Akaja, akawa nahodha mwenza pamoja na Chelsea Randall, akamaliza msimu akiwa mchezaji bora wa ligi nzima na mchezaji bora wa fainali. Halafu akarudi kwenye kikapu chake Dallas.

Fikiria maana ya jambo hilo. Mtu ameachishwa mchezo utotoni, amekaa mbali nao karibu miaka 18, anarudi na kuwapita wote. Kuna anayesema huo ni ushahidi kwamba ligi ilikuwa dhaifu. Nasema ni ushahidi wa kilichotupwa. Phillips alirudi kwa sababu alikuwa na mwili wa mwanamichezo wa kulipwa, uliolelewa na mchezo mwingine kwa gharama ya mchezo mwingine. Brianna Davey, aliyeibeba Carlton kutoka nyuma, alikuwa golikipa wa timu ya taifa ya soka. Ligi mpya ilivuna shamba ambalo haikulilima. Kwa kila Phillips aliyepata pa kujihifadhi, wapo wasichana wa miaka 13 walioambiwa basi wakaenda kweli, na hatutawajua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale waliotumia msimu ule kuhesabu magoli. Ni kweli matokeo yalikuwa madogo. Mechi ya ufunguzi iliisha Carlton 7.4 (46), Collingwood 1.5 (11). Jasmine Garner wa Collingwood alifunga goli la kwanza katika historia ya ligi, na timu yake haikupata lingine usiku mzima. Upande wa pili Darcy Vescio peke yake alifunga manne, na akamaliza msimu akiongoza kwa ufungaji akiwa na magoli 14. Anayetoka kutazama wanaume, ambao kupita pointi 100 kwa mechi si ajabu, akiona 46 kwa 11 anaguna.

Ila hesabu ni hesabu. Robo zimefupishwa. Mechi zilichezwa kuanzia Februari, kwenye kiangazi cha Australia, kwa sababu ndilo pengo lililobaki kabla wanaume hawajaanza msimu wao mwishoni mwa Machi. Timu zimeundwa kwa mchujo wa Oktoba, ambapo klabu huchagua wachezaji kwa zamu, wachezaji wakikutana mazoezini jioni baada ya kazi. Na makocha, wengi wao wamekulia kwenye mpira wa wanaume, wakafanya kile ambacho kocha yeyote mwenye kikosi kigeni hufanya: wakafundisha kuzuia kwanza. Kuzuia hufundishika kwa wiki chache. Kushambulia kunataka watu wanaojuana. Timu yoyote ya soka iliyosajili kikosi kizima dirisha moja itakuonyesha hivyohivyo.

Nilisema jioni baada ya kazi. Mishahara ndiyo sehemu ya msimu ule inayonikera kuliko zote. Pendekezo la kwanza la ligi lilikuwa mchezaji wa kawaida apate dola 5,000 za Australia kwa msimu. Chama cha wachezaji kikakomaa, zikafika 8,500. Kundi la kati lilipata 12,000, na nyota wawili wa kila klabu, wale ambao picha zao zilibandikwa kwenye mabango, 27,000. Wakati huohuo wastani wa mchezaji wa kiume ulikuwa zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka. Daisy Pearce, nahodha wa Melbourne na uso wa ligi nzima, alikuwa mkunga. Bec Goddard, kocha wa Adelaide, alikuwa askari polisi.

Najua jibu la wakubwa: ligi haikuwa na mapato, na kiingilio kilikuwa bure. Kiingilio bure kilikuwa uamuzi mzuri. Kiliwaleta akina mama na mabinti zao, kikaleta watu ambao hawakuwahi kukanyaga uwanjani. Tatizo ni jinsi kilivyogeuzwa kuwa hoja. Ukiamua wewe mwenyewe kutokata tiketi, huwezi kesho yake kumwambia mchezaji kwamba hana mapato. Na televisheni zilikuwa zinarusha. Katika biashara nyingine, gharama ya kufungua duka jipya hulipwa na mwenye duka. Hapa iliwekwa mabegani mwa wauzaji.

Twende kwenye fainali, maana humo kuna kila kitu.

Kanuni zilikuwa fupi kama msimu wenyewe: kila timu inakutana na nyingine mara moja, mechi saba, kisha wawili wa juu wanacheza fainali. Hakuna nusu fainali. Brisbane, chini ya kocha Craig Starcevich, walimaliza kileleni bila kupoteza mechi hata moja. Adelaide walishinda tano na kupoteza mbili. Melbourne nao walishinda tano na kupoteza mbili, wakabaki nje kwa asilimia, ambayo hupatikana kwa kugawanya pointi ulizofunga kwa ulizofungwa. Mkunga wetu na wenzake walitazama fainali kama mimi na wewe.

Aliyemaliza kileleni ndiye mwenyeji. Kwa hiyo Brisbane walistahili kucheza Gabba, uwanja mkubwa wa jiji lao. Lakini Machi 4 na 5 mwanamuziki Adele alikuwa amefanya matamasha mawili palepale, jukwaa na maelfu ya miguu vikaacha nyasi hoi. Wakaguzi wakasema kiwanja si salama. Fainali ikahamishiwa Carrara, Gold Coast, karibu kilomita 70 kusini, nyumbani kwa klabu nyingine kabisa. Na ikapangwa Machi 25 kama mechi ya utangulizi, kabla ya wanaume wa Gold Coast na Brisbane kucheza mechi yao ya kwanza ya msimu.

Hakuna aliyepanga njama. Uwanja ulikuwa umekodishwa kwa tamasha, na wakati wa kukodisha hakuna aliyejua fainali ingeangukia wapi. Naamini hivyo. Ila jaribu kuipindua habari: fainali ya wanaume ihamishwe jiji kwa sababu ya tamasha, kisha ichezwe mchana ili kupisha mechi ya raundi ya kwanza ya wengine. Haiwezekani, si kwa sababu wanaume wana bahati zaidi na nyasi, bali kwa sababu kalenda ya uwanja huanza kujazwa kwa mechi zao na vingine hufuata. Wanawake walikuwa miongoni mwa hivyo vingine.

Watu 15,610 walikwenda Carrara hata hivyo. Ubao ulisomeka mwishoni: Adelaide 4.11 (35), Brisbane 4.5 (29).

Itazame vizuri. Magoli manne kwa manne. Kilichotenganisha timu hizi ni pointi za pembeni, 11 kwa 5, yaani mashuti yaliyokosa goli. Adelaide walitwaa ubingwa wa kwanza wa ligi hii kwa kukosa mara nyingi zaidi ya wapinzani wao! Wanaocheka hapo hawajaelewa. Pointi ya pembeni ni alama kwamba mpira ulikuwa upande wako wa kushambulia, kwamba uliingia, ukapiga, ukarudi tena. Ukiwa na 11 na mwenzako ana 5, maana yake umecheza sehemu kubwa ya mechi mlangoni kwake. Phillips alifunga mawili kati ya yale manne. Brisbane, timu isiyofungika, walipoteza kwa pointi 6, thamani ya goli moja, kwenye kiwanja kisicho chao, na sijui shabiki wao anayeweza kulisikia jina la Adele bila kukunja uso.

Adelaide wenyewe walikuwa kikosi cha ajabu. Klabu iliungana na chama cha mpira cha Northern Territory, kwa hiyo baadhi ya wachezaji waliishi na kufanya mazoezi Darwin, pwani ya kaskazini, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka kwa wenzao. Timu nusu inafanya mazoezi kwenye joto kavu la kusini, nusu kwenye mvua za kitropiki, wanakutana siku za mechi. Hata nyumbani waligawana, mechi moja wakaichezea Darwin. Mshambuliaji wao Sarah Perkins alikuwa amepitwa na klabu zote kwenye mchujo. Adelaide wakamwokota baadaye, akaishia kwenye kikosi bora cha msimu. Na Goddard akawa mwanamke wa kwanza kuipa timu ubingwa wa ligi hii. Katika makocha wanane wa msimu ule, wanawake walikuwa wawili tu, yeye na Michelle Cowan wa Fremantle. Mwaka 2018 Goddard aliondoka Adelaide. Klabu haikuwa na kazi ya kudumu ya kumpa kocha wake bingwa.

Fremantle walimaliza karibu na mkia, lakini kikosi chao kina jina ambalo sisi huku tunapaswa kulijua. Akec Makur Chuot alizaliwa Sudan Kusini na kukulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kabla familia yake haijapelekwa Perth. Mwaka 2017 akawa mwanamke wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza ligi hii. Kakuma imetoa wengine: Aliir Aliir, beki wa Port Adelaide kwa upande wa wanaume, alizaliwa kambini humohumo. Vyombo vyetu vya habari vikiandika Kakuma huandika mgao wa chakula na takwimu za wanaoingia. Kwamba kuna mchezo wa kulipwa upande wa pili wa dunia ambao viwanja vyake vimekanyagwa na watoto wa kambi hiyo, sijaona tukilitilia maanani. Mwaka 2022 Hawthorn walipounda timu yao ya kwanza ya wanawake, kocha alikuwa Goddard, na Makur Chuot alikuwa kikosini.

Nimerukia 2022, basi tumalizie huko, kwa sababu madeni ya msimu wa kwanza yanaendelea kudaiwa. Ligi imekua haraka: timu 10 mwaka 2019, 14 mwaka 2020, na tangu 2022 klabu zote 18 zina timu ya wanawake. Fainali ya 2019 kwenye uwanja wa Adelaide Oval ilikusanya watu 53,034, Phillips akatolewa kwa machela akiwa ameumia goti huku uwanja mzima umesimama kumpigia makofi. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara kilipanda kutoka dola 20,239 hadi 39,184. Msimu ukahamishwa kutoka Februari kwenda mwishoni mwa Agosti, hali ya hewa ikawa ya kibinadamu. Waliodai kwamba ligi ingekufa ndani ya miaka mitatu wamenyamaza au wamebadilisha hoja.

Lakini angalia idadi ya mechi. Mwaka 1897, ligi ya wanaume ilipoanza Victoria ikiwa na klabu nane, kila klabu ilicheza mechi 14 kabla ya fainali. Hakuna aliyewaambia Essendon, mabingwa wa mwaka ule, kwamba kwanza wathibitishe watu watakuja. Mwaka 2017 wanawake wakiwa na klabu nane vilevile walipewa saba. Mwaka 2025, wakiwa na klabu 18, walicheza 12. Kwa timu 18 mechi 12 hazitoshi hata kila mmoja kukutana na mwenzake mara moja, hivyo msimamo wa ligi unategemea pia ratiba ilikupangia nani. Na ili zifike 14, mkataba uliosainiwa mwaka 2023 umeweka masharti ya wastani wa mashabiki uwanjani na watazamaji kwenye televisheni.

Masharti hayo ndiyo ninayoyapinga. Mashabiki huja pale mechi zinapowekwa siku na saa wanazoweza kuja, kwenye viwanja vinavyofikika, na zinapotangazwa. Hayo yote matatu yako mikononi mwa ligi, hakuna hata moja lililo mikononi mwa wachezaji. Ligi ikipanga mechi ya wanawake saa tisa alasiri siku ya kazi kwenye kiwanja cha pembezoni, kisha ihesabu vichwa, inajihesabia kazi yake yenyewe na kumtumia mtu mwingine ankara. Kama ni lazima pawe na masharti, yaandikwe kwa pande zote mbili: idadi ya mashabiki upande mmoja, na upande wa pili idadi ya mechi ambazo ligi itaziweka Ijumaa usiku kwenye viwanja vikubwa.